Skripti si ya waandishi wa programu peke yao
Hapa Tabora, wengi tunaotengeneza ripoti za mauzo ya asali kwa Power BI, programu ya Microsoft ya kutengeneza ripoti, tumeaminishwa kwamba skripti, yaani maagizo yaliyoandikwa ili kompyuta iyatekeleze, ni kazi ya waandishi wa programu tu. Si kweli. Kinachoamua ni marudio. Ukitaka kubadili jina la safu moja, bofya, umemaliza. Lakini una vipimo 40 (hesabu za ripoti, kama jumla ya mauzo), na kila kimoja kinataka muundo wa shilingi na folda yake? Kwa kipanya utachoka, na cha 31 utakiruka bila kujua. Mistari michache ya C#, lugha ya programu, ndani ya Tabular Editor, zana ya kuhariri modeli ya Power BI (majedwali na vipimo vyake), huvipitia vyote kwa mkupuo. Modeli ikihifadhiwa kwa TMDL, muundo wa faili ambao ni maandishi matupu, mwenzako anauona mstari uliobadilika. Ila hifadhi nakala kwanza, tafadhali: skripti yenye kosa nayo huharibu vyote kwa mkupuo.