Badili balbu, redio ibaki hai

Mzee mmoja wa Tabora, mstaafu wa reli, alinipigia simu jioni akiwa karibu kukata tamaa. Baada ya shikamoo na marahaba akaingia kwenye hoja: "Mwanangu, redio yangu asubuhi inaimba vizuri kabisa. Jua likizama tu, inakoroma kama mashine ya kusaga." Alikuwa ameshaipeleka kwa mafundi wawili. Wa kwanza alibadilisha spika, wa pili alisafisha swichi ya mawimbi. Wote wawili waliijaribu mchana, dukani kwao, na wote waliisikia ikiimba.

Ugonjwa unaokuja na giza hauko ndani ya redio. Nikamuuliza kama amebadilisha taa karibuni. Akasema ndiyo, mwezi uliopita kijana wake alimletea balbu nane za LED, wakafunga nyumba nzima kwa siku moja. Nikamwomba aweke betri kwenye redio, aiwashe, halafu azime meni swichi. Sikukata simu. Mkoromo ukakatika papo hapo, na gizani nikasikia taarabu kutoka Zanzibar, ile ya mawimbi mafupi ya mita 25, safi kama mwimbaji yuko ng'ambo ya barabara.

Mimi ni fundi wa elektroniki, na nikitoka kazini nasikiliza na kuzungumza kwenye redio ya masafa mafupi. Kwa hiyo tatizo hili nakutana nalo mara mbili, kama fundi na kama msikilizaji. Naliandika kwa sababu ushauri ninaousikia mara nyingi ni wa aina mbili, na wote ni mbaya: ama "rudisha balbu za zamani", ama "nunua za bei mbaya". Hakuna haja ya lolote kati ya hayo.

Kurudi nyuma ni hasara. Balbu ya waya ya wati 60, ikiwaka saa 5 kila usiku, inakula yuniti 9 kwa siku 30. LED ya wati 9 inayotoa mwanga ule ule, kama lumeni 800, inakula yuniti 1.35. Ukiwa na taa sita, hiyo ni yuniti 54 dhidi ya 8 na kidogo. Kwa nyumba inayonunua umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, kidogo kidogo, hizo yuniti 46 ni chakula.

Tatizo liko wapi basi? LED yenyewe, ile nukta ya manjano inayowaka, haina kelele yoyote. Ni dayodi tu, kidude kinachopitisha umeme upande mmoja. Inataka umeme wa moja kwa moja, yaani usiogeuka mwelekeo, mkondo mdogo usioyumba. Umeme wa ukutani ni volti 230 zinazokwenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Lazima kuwe na mtu wa kati, na huyo ni ubao mdogo ulio kwenye shingo ya balbu. Sisi mafundi tunauita draiva. Ukinunua balbu, unachonunua hasa ni draiva. Mwanga siku hizi wote wanautoa.

Draiva ziko za namna nyingi, lakini kwa sikio la redio kuna koo mbili.

Ukoo wa kwanza ni draiva ya kukatakata. Transista huwashwa na kuzimwa mara elfu nyingi kwa sekunde, na koili huupokea umeme huo kwa mafungu na kuushusha hadi kiwango kinachotakiwa. Ni ufundi mzuri, haupotezi nguvu nyingi. Lakini tuseme inakata kwa kilohezi 60, yaani mara elfu 60 kwa sekunde. Mkato wa ghafla hauzai kilohezi 60 peke yake. Unazaa na vigawe vyake vyote: 120, 180, 240, ukifika 540, 600, 660, na kuendelea hadi megahezi nyingi huku vikififia taratibu. Kituo kilicho kwenye kilohezi 657 kinapata jirani wa 660, na tofauti yao ya kilohezi 3 unaisikia kama mluzi. Juu ya hapo, umeme uliopita kwenye dayodi za mlangoni mwa draiva hupanda na kushuka mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo kila kigawe kinatetemeka kwa mngurumo. Hiyo ndiyo mashine ya kusaga ya mzee wangu.

Kelele hiyo ingebaki kwenye balbu kusingekuwa na kesi. Lakini inatoka kwa kupitia nyaya. Waya wa taa wenye urefu wa mita 2.5 ni robo kamili ya wimbi la mita 10, urefu unaofaa kabisa kwa antena, na nyaya zinazopita juu ya dari ni ndefu zaidi na zinahudumia mawimbi marefu zaidi. Nyumba yako nzima imegeuka antena ya kurushia matangazo ya balbu. Jaribu uone: simama mita mbili kutoka kwenye taa na redio ndogo ya betri, mara nyingi mkoromo utakuwa umepungua sana. Sasa sogea hadi ukutani, pale swichi ilipo. Unarudi wote.

Dawa yake inajulikana miaka mingi. Ni koili ndogo na kapasita mlangoni mwa draiva, vinavyozuia kelele isirudi kwenye nyaya. Kuna hata kiwango cha kimataifa cha vifaa vya taa, CISPR 15, kinachosema kelele isizidi wapi. Nimefungua balbu nyingi zilizokufa, na kinachoniumiza kila mara ni kukuta kwenye ubao nafasi ya koili hiyo imechorwa, ina hata alama yake L1, lakini koili haipo. Wameunganisha hapo kwa kipande cha waya. Yaani aliyebuni alijua, aliyetengeneza akabana senti chache. Alama ya CE kwenye boksi, ile ya kutimiza masharti ya Ulaya, isikutulize peke yake. Kwa balbu, ni mtengenezaji mwenyewe anayejitangazia kwamba amefuata masharti.

Ukoo wa pili ni draiva isiyokatakata kabisa. Volti 230 zikipita kwenye dayodi, kilele chake ni kama volti 325. Mtengenezaji anazipanga LED kwa mstari mmoja mrefu mpaka zote kwa pamoja zitake volti 250 au 260, kisha anaweka kidude kimoja kidogo kinacholinda mkondo usizidi. Kilichobaki kinapotea kama joto. Hakuna koili, hakuna transista inayokatakata, kwa hiyo hakuna kelele ya redio ya kuzungumzia. Na hapa ndipo watu wengi wanaposhangaa: draiva hii ndiyo rahisi kutengeneza, na ndiyo imejaa kwenye balbu nyingi za bei ya chini kabisa. Ghali na kimya si kitu kimoja. Nimekuta balbu ya bei ya juu inayopiga kelele hadi kwa jirani, na ya bei poa isiyogusa hata kituo dhaifu.

Utaitambuaje dukani? Soma maandishi kwenye shingo. Ikiandikwa 220–240V, kuna uwezekano mzuri kuwa ni ya ukoo wa kimya. Ikiandikwa 85–265V, karibu hakika inakatakata, kwa sababu mstari mrefu wa LED hauwezi kuwaka kwa volti 85. Ipime na mkononi: isiyo na koili ni nyepesi. Zile balbu za kioo zenye nyuzi za manjano ndani, zinazofanana na za zamani, nyingi pia ni za kimya, kwa kuwa kila uzi ni LED nyingi zilizoungwa mfululizo. Nasema nyingi. Hizi ni dalili tu, na dalili hudanganya.

Kisichodanganya ni redio. Nenda dukani na redio ndogo ya betri yenye AM. Iweke kwenye AM, mahali pasipo na kituo, sauti juu. Mwombe muuzaji achomeke balbu kwenye ile holda yake ya kujaribia. Sogeza redio hadi sentimita 30 kutoka kwenye balbu, kisha kwenye waya wa holda. Iwashwe, izimwe, iwashwe. Ikikoroma kwa nguvu, irudishe kwenye boksi, jaribu aina nyingine. Balbu nyingine za dukani zizimwe kwanza, maana duka lenye taa arobaini zinazowaka halikuonyeshi kitu. Wauzaji wengi hawakatai. Wengine wameniita baadaye niwapimie mzigo mpya. Nunua moja. Ifunge nyumbani, kaa nayo jioni mbili tatu, ndipo urudi kuchukua zilizobaki, na uhakikishe boksi ni lile lile na maandishi ya shingoni ni yale yale, kwa sababu jina moja la balbu linaweza kubeba draiva tofauti kila mzigo unapoingia.

Sasa niseme upande wa pili, maana ukoo wa kimya una udhaifu wake na sisi tunaoishi mwisho wa laini tunaujua. Saa moja jioni kila mtu anapowasha jiko na pasi, volti zinaweza kushuka hadi 180. Kilele cha 180 ni kama 255. Mstari wa LED unaotaka 260 hapo unafifia au unapepesa. Balbu ya kukatakata ya 85–265V haijali, inabaki na mwanga ule ule. Kwa hiyo kama umeme wa mtaani kwako unashuka hivyo, usifunge za kimya pote. Weka za kimya sebuleni na chumbani, pale redio inapokaa, na hizo nyingine zipeleke barazani, stoo, bafuni. Udhaifu wa pili ni kupepesa mara 100 kwa sekunde ambako jicho haliwezi kukuona wazi lakini kichwa cha mtoto anayesoma kinaweza kuuma. Elekeza kamera ya simu kwenye taa: ukiona mistari myeusi inatembea kwenye kioo cha simu, taa hiyo isiwe ya mezani.

Kama tayari umenunua na umefunga, usitupe. Tafuta kwanza mkosaji ni nani. Redio ikiwa kwenye betri, zima meni swichi. Kelele ikibaki, inatoka kwa jirani au kwenye laini. Ikikatika, washa tena kitu kimoja kimoja, taa moja, halafu nyingine, halafu chaja ya simu, halafu king'amuzi. Mara kadhaa nimekuta LED inasingiziwa na mkosaji ni chaja.

Ukishamjua, kuna dawa mbili ninazozitumia. Ya kwanza ni pete ya feraiti, lile donge jeusi zito ambalo hukaa kwenye kebo za kompyuta za zamani. Fundi umeme, akiwa amezima meni, azungushe nyaya mbili za taa pamoja ndani ya pete karibu na holda. Idadi ya mizunguko ndiyo kila kitu: nguvu ya kuzuia hukua kwa kipeo cha pili, kwa hiyo mizunguko 5 inazuia kama mara 25 ya kupitisha mara moja. Kuibana pete juu ya waya bila kuzungusha, kama wengi wanavyofanya, kwa AM hakusaidii karibu chochote. Dawa ya pili ni kuitoa antena nje ya nyumba. Kwa mawimbi mafupi, waya wa mita 10 uliofungwa kwenye mwembe mbali na ukuta unashinda chochote unachoweza kukifanya ndani. Kwa AM, geuza redio yenyewe polepole: antena yake ni kijiti cha feraiti kilicho ndani, na kina upande kisiousikia. Uelekeze upande huo kwenye kelele.

Usifungue balbu ikiwa kwenye holda, na hata ukiitoa subiri dakika kadhaa kabla ya kugusa ubao. Ndani ya balbu hizi za bei nafuu hakuna kinachotenganisha LED na umeme wa ukutani. Kugusa ule ubao wa LED ni sawa na kugusa waya.

Wenye sola wanaweza kudhani hawahusiki. Taa za volti 12 nazo nyingi zinakatakata, na kontrola ya chaji pamoja na inveta zinaweza kukoroma kuliko balbu. Kipimo ni kile kile cha kuzima kimoja kimoja. Ukikuta kontrola ndiyo inayopiga kelele, nayo huanza jua linapotoka na kunyamaza usiku, basi sikiliza mabadiliko hayo. Yanakuonyesha mkosaji hata kabla hujagusa swichi.

Mzee wa Tabora hakununua balbu nane mpya. Alinunua mbili, moja ya sebuleni na moja ya chumbani, na zile mbili zilizotoka zikaenda banda la kuku na stoo. Kijana wake alivuta waya hadi kwenye mwembe. Tangu hapo, anayenunua balbu nyumbani kwao ni mama, mkewe, naye huenda dukani na ile redio ndani ya kikapu.