Uendelevu si aya mbili za mwisho kwenye andiko la mradi

Kazi yangu ni kupitia maandiko ya miradi kabla hayajapelekwa kwa watoa fedha. Siku hizi, hata kabla sijafungua faili, najua nitakachokikuta: kurasa tele za uwekezaji, ajira na faida, kisha mwishoni kabisa aya mbili zenye kichwa "Uendelevu", na humo ndani ahadi ya kupanda miche. Ukihoji, unajibiwa kwamba hayo ni mambo ya mazingira na yupo afisa wake. (Na hiyo miche, nani ataimwagilia mwaka wa pili? Bajeti haisemi.)

Dhana: Maendeleo endelevu ni jina jingine la kuhifadhi mazingira.

Ukweli: Tume iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland wa Norway, ikiwa imeundwa kupitia Umoja wa Mataifa mwaka 1983, ilitoa ripoti yake mwaka 1987. Ikaeleza kuwa maendeleo endelevu ni yale yanayokidhi mahitaji ya sasa bila kuvinyima vizazi vijavyo uwezo wa kukidhi ya kwao. Hapo kila mtu anapajua kwa kichwa, na hapo ndipo wengi wanapofunga kitabu. Wangesoma mistari inayofuata wangekuta mambo mawili. La kwanza ni mahitaji, hasa yale ya lazima ya maskini, ambayo ripoti inataka yapewe kipaumbele kuliko yote. La pili ni mipaka: teknolojia tuliyonayo na namna jamii ilivyojipanga ndivyo vinavyoamua mazingira yatamudu kutupa kiasi gani. Maskini wametajwa kabla ya mti hata mmoja.

Mimi huwaambia wateja wangu walitazame jambo hili kama wahasibu. Jamii ina mtaji wa kila namna: udongo, misitu na samaki, mitambo na barabara, afya na elimu ya watu wake, sheria na vyombo vinavyoaminika. Swali ni kama mapato ya leo ni faida ya mtaji huo, au ni mtaji wenyewe unaoliwa. Pato la taifa halikusaidii kulijibu. Ukiuza magogo linapanda, na msitu uliopungua hauandikwi popote.

Huko Newfoundland, Canada, kulikuwa na samaki wa baharini aina ya cod waliowalisha watu kwa karne nyingi. Meli kubwa zenye viwanda ndani yake zilipoingia, uvuvi ukapaa, na mwaka 1968 wakavuliwa takriban tani 800,000. Mwaka 1977 Canada ikapanua mamlaka yake ya uvuvi hadi maili 200 baharini na kuzibana meli za kigeni, kisha ikajaza pengo kwa meli zake. Wataalamu walikadiria samaki kuwa wengi kuliko walivyokuwa, na wanasiasa walisita kupunguza viwango vya uvuvi kwa kuhofia ajira. Julai 1992 serikali ikapiga marufuku uvuvi wa samaki hao. Watu wapatao 30,000 wakakosa kazi. Marufuku ilitangazwa kuwa ya miaka miwili. Iliondolewa rasmi mwaka 2024.

Nani basi angemweleza mfanyakazi wa kiwanda cha samaki aliyefungiwa mlango kwamba lile lilikuwa suala la afisa mazingira? Lilikuwa suala la takwimu, ruhusa, mikopo ya meli na siasa za ajira. Maamuzi hayo hufanyika mwanzoni, kwenye upembuzi yakinifu (uchunguzi wa kama mradi unafaa), wakati tathmini ya athari kwa mazingira mara nyingi huitishwa baada ya eneo na teknolojia kuchaguliwa tayari. Ukiniletea uendelevu wakati huo, umechelewa.

Na kinyume chake ni kweli pia. Mradi wa kulinda msitu unaowaondoa wakazi bila fidia wala ardhi mbadala hauwi endelevu kwa sababu tu una kijani kingi.

Dhana: Maendeleo endelevu ni kutogusa rasilimali zinazokwisha.

Zinaweza kuguswa, ila tazama fedha zake zilikwenda wapi. Nauru, kisiwa kidogo cha Pasifiki, ilichimba fosfeti, madini ya kutengenezea mbolea, ikawa miongoni mwa nchi zenye kipato kikubwa kwa kila mtu katika miaka ya 1970, kisha fosfeti ikapungua na akiba ikapotea kwenye uwekezaji mbovu. Norway nayo ina mafuta yanayokwisha, ila mwaka 1990 ilitunga sheria ya mfuko wa akiba, na tangu 2017 mwongozo wake ni kutumia wastani wa asilimia 3 ya mfuko huo kwa mwaka. Rasilimali imebadilishwa ikawa mtaji mwingine. Udongo na maji lakini havibadilishwi kirahisi hivyo, msinielewe vibaya.

Dhana: Maendeleo endelevu ni mzigo wa nchi maskini.

Malengo 8 ya Milenia, yale ya Umoja wa Mataifa yaliyoishia 2015, yalielekezwa zaidi kwao, kweli. Ila Ajenda ya 2030, yenye malengo ya maendeleo endelevu yaliyofuata, iliyopitishwa Septemba 2015 na nchi wanachama 193, ni ya wote. Lengo la 12, kuhusu uzalishaji na matumizi, linawagusa zaidi walio nacho.

Dhana: Ukibandika alama za malengo ya Umoja wa Mataifa, mradi umekuwa endelevu.

Malengo ni 17, shabaha 169, na hugongana. Bwawa la umeme linasaidia lengo la 7, la nishati, huku likiweza kuwapunguzia maji walio chini ya mto na kuzuia samaki wanaopanda kuzaa. Andiko zuri linataja mgongano huo na kusema nani atalipwa nini. Nikikuta alama zote 17 zimepangwa kwenye jalada, nafungua moja kwa moja bajeti ya matengenezo ya mwaka wa kumi. Mara nyingi haipo.