Mwarobaini si chujio la moshi

Juzi tena, kikao cha mtaa Tabata, Dar es Salaam, mzee mmoja kasimama: “Tupande miti, moshi utaisha.” Makofi. Mimi nikainama, kipimo cha hewa kiko mkobani.

Majani hunasa vumbi, sikatai. Pitisha kidole kwenye mwarobaini wowote wa Barabara ya Mandela utaliona. Lakini linaloonekana silo linaloniogopesha. PM2.5, yaani chembe ndogo mno za moshi na vumbi, haifiki hata sehemu moja ya ishirini ya unene wa unywele. Nyingi hupita kando ya jani na hewa yake, zikaingia mapafuni. Mwaka 2021 WHO, Shirika la Afya Duniani, walishusha kiwango cha chembe hizo kinachopendekezwa kwa wastani wa mwaka kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa mita ya ujazo. Miashoki haikufikishi huko wakati jirani anachoma chupa za plastiki kila asubuhi.

Tena kuna miti inayozidisha. Uchochoro wa Kariakoo wenye ghorofa pande zote, ukiuezeka kwa matawi mazito, moshi wa bodaboda na jenereta unakosa pa kutokea, unabaki usawa wa pua za watoto. Ua mnene kati ya barabara na shule, huo unasaidia kiasi. Yaani suala ni wapi umepanda na umepandaje. Nikimaliza kueleza hivi naambiwa napinga miti. Jamani, kwangu nina miembe mitatu!

Miti naitaka kwa ajili ya utulivu wa akili. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha habari za wagonjwa wa Pennsylvania waliotolewa kifuko cha nyongo: waliotazama miti dirishani walitoka mapema kidogo, wakatumia dawa kali za maumivu kwa uchache kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Jani halikuwachujia chochote.

Ila shaka ninayo. Tafiti nyingi za miti na akili ni za Ulaya na Marekani, na mwenye bustani mara nyingi ndiye mwenye fedha. Ukilinganisha Masaki na Tandale, umepima miti au mifuko? Kelele na moshi navyo huongozana, hujui kipi kimeumiza; wengi wetu watafiti tunaificha aibu hiyo ndani ya jedwali.

Baada ya kikao nikawasha kipimo chini ya mwarobaini, penye wazee wa bao na muuza kahawa. Mama lishe akachochea mkaa, namba zikaruka.

“Mwanangu, kinasema tuondoke?”

“Hapana babu, kinasema jiko lisogezwe.”

Akasogea yeye, akanipisha kwenye benchi.