Samaki wamekufa usiku mmoja? Usimwage maji kwanza

Samaki wakifa ghafla, mwenye nyumba huanza kwa kuharibu ushahidi. Mizoga inatupwa, tangi linamwagwa, kokoto zinaoshwa mpaka zing'ae, kichujio kinasuguliwa kwa sabuni. Halafu ndipo napigiwa simu: "Njoo utazame, wamekufa wote." Nitazame nini? Nikifika nakuta kioo kikavu na mtu mwenye huzuni.

Kazi yangu ni afya ya samaki wa mapambo hapa Mombasa, na nikiitwa kwa vifo vya usiku mmoja siendi nikitafuta ugonjwa. Ugonjwa kwa kawaida hubisha hodi. Mmoja anasusa chakula, mwingine anajikuna kwenye kokoto, madoa meupe yanatokea, kisha unaokota mzoga mmoja leo na mwingine kesho. Wapo bakteria wenye haraka, kama wale wa kolumnarisi, ambao kwenye maji ya joto wanaweza kumaliza samaki ndani ya siku moja, lakini hata hao huacha ngozi iliyochubuka na mabaka ya kijivu. Samaki wa aina mbalimbali wakilala wazima na kuamkia wamekufa, nashuku maji au hewa.

Kabla ya kuuliza nani kafa, nauliza nani yu hai. Gurami na beta wana kiungo kichwani kinachowawezesha kuvuta hewa ya juu ya maji. Ukikuta wao wako salama na samaki wa dhahabu wamelala chali, midomo wazi, mashavu yametanuka, oksijeni iliisha. Wakubwa hutangulia, gapi wadogo hubaki wakihema usoni pa maji. Mara nyingi hutokea karibu na alfajiri, maana usiku mimea ya ndani ya tangi nayo hula oksijeni badala ya kuitoa. Kwetu hili lina msimu wake. Kaskazi ikikolea na maji ya tangi yakafika nyuzi 30, hayabebi zaidi ya miligramu 7.5 hivi za oksijeni kwa lita, ilhali kwenye nyuzi 25 yangebeba karibu 8.3. Utaona tofauti ni ndogo, mpaka stima ipotee saa sita za usiku na pampu ya hewa inyamaze.

Gurami nao wakiwa wamekufa, nageukia sumu, na hapo mashahidi wangu ni kamba wadogo na konokono. Dawa za kupulizia mbu na mende zilizo za jamii ya pareto ni hatari kwa samaki na hatari zaidi kwa kamba, lakini konokono huzistahimili. Konokono nao wakifa, nafikiria shaba, hasa dawa ya samaki yenye shaba iliyotiwa kwa kukisia. Wengi hunijibu kwamba tangi lilikuwa limefunikwa wakati wa kupuliza. Sawa, lakini pampu ilikuwa wapi? Ile pampu huvuta hewa ya chumbani na kuisukuma majini kutwa kucha. Umefunika tangi na kuliwekea mrija wa kuletea dawa. (Swali la nani alipuliza humu ndani huleta kimya kirefu. Dada wa kazi anamtazama mama, mama anatazama dari. Mimi sishiki upande.)

Kisha nafunua mashavu. Matamvua ya kahawia iliyokolea yananiambia ni nitriti, ambayo huibadili damu isiweze kubeba oksijeni. Waliobaki hai nawatilia chumvi kidogo, kwa sababu kloridi huzuia nitriti kupenya kwenye matamvua. Matamvua yaliyovimba na kujaa ute ni ya amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki wenyewe, au klorini kama maji ya mfereji yalimiminwa moja kwa moja bila kutiwa dawa ya kuiua. Ila rangi hizi hazidumu. Katika joto letu mzoga uliokaa majini saa kadhaa umeshapauka na kujaa bakteria wa kuoza, na bakteria hao hawana kesi. Samaki anayekata roho ana faida kwangu kuliko kumi waliooza. Aliyekufa sasa hivi mtie kwenye mfuko, mfuko uweke juu ya barafu, wala usimpeleke friza, kwa sababu kugandishwa kunapasua chembe za mwili na kwenye darubini sitaona kitu.

Kesi inayonionyesha kwa nini nasisitiza maji yasimwagwe ilitokea Tudor, mwezi wa Februari. Mzee mmoja, mtu wa mpango sana, alikuwa na tangi la lita 200 lenye tetra, gurami na gogo zuri la mti katikati. "Mwanangu, nimewafanyia hisani," akaniambia. "Nimewatilia maji mapya mchana, usiku wakafa." Mkewe alishakata shauri kwamba ni jicho la mgeni wa juzi, aliyewasifu bila kusema mashallah.

Gurami walikuwa wamekufa pamoja na tetra, kwa hiyo oksijeni nikaiweka kando. Konokono walikuwa wazima, wakipanda kioo taratibu. Nikamshika mmoja nikamweka kiganjani. Ncha ya gamba lake ilikuwa nyeupe, imelika, ina vishimo vishimo kana kwamba imekwaruzwa kwa msumari. Gamba ni chokaa, na chokaa huliwa na maji yenye asidi. Nikajua tangi hili limeishi na asidi kwa muda mrefu, hata kama kipimo cha asubuhi hiyo hakikuonyesha hivyo: pH, yaani kipimo cha asidi ambacho chini ya 7 ndiyo asidi, ilikuwa 8.1.

Nikamuuliza maji yake ya kila siku huyatoa wapi. Ya mvua, akasema kwa fahari, huyakinga kwenye pipa tangu vuli, hayana dawa ndani yake. Ni kweli, lakini hayana chokaa pia. Maji ya mvua hayana cha kuzuia asidi inayotokana na uchafu wa samaki na gogo, kwa hiyo pH hushuka kidogo kidogo. Ikipita chini ya 6.5, bakteria wanaokula amonia kwenye kichujio huanza kuzembea. Amonia inajikusanya, na hakuna anayeona, kwa sababu kwenye asidi karibu yote hukaa katika umbo la amoniamu ambalo haliwadhuru sana samaki. Kisha Kaskazi ikakausha pipa, mfereji ukawa hautoi, mzee akanunua mitungi ya maji ya kisima kutoka kwa mtu wa mkokoteni. Kisiwa hiki kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, maji ya visima vyake yamejaa chokaa. Akabadilisha nusu ya tangi kwa mkupuo.

Hayo yote yangebaki dhana yangu kama si bustani ya mkewe. Yale maji ya zamani hakuyamwaga. Aliyatia kwenye ndoo mbili kwa ajili ya asumini, na moja ilikuwa bado haijaguswa. Nikaipima: pH 6.2, amonia miligramu 8 kwa lita. Tangi lilikuwa na 4. Maji ya mtungi wa kisima hayakuwa na amonia hata chembe. Kwa hiyo mzee alikuwa kweli ameipunguza amonia nusu. Lakini pH ikipanda kwa kiwango kimoja, sehemu ya amonia iliyo sumu huongezeka takriban mara 10, na hapa ilikuwa imepanda karibu viwango viwili, tena kwenye maji ya nyuzi 29. Ukipiga hesabu, sumu yenyewe iliongezeka zaidi ya mara 30 mchana mmoja. Vipimo tunavyonunua dukani huonyesha jumla ya amonia tu, kwa hiyo bila pH na joto namba hiyo haina maana.

Jambo hilohilo huua samaki wanaosafirishwa mbali ndani ya mifuko. Pumzi yao huishusha pH, amonia inatulia. Ukishaufungua mfuko, kabonidioksidi inatoka na pH inapanda. Samaki wa safari ndefu mtoe mapema kwenye maji yale. Usimwache akielea humo saa nzima, mfuko ukiwa wazi, eti azoee.

Mzee aliniuliza kama sasa maji ya kisima ni haramu. La. Kwa samaki wapya ni mazuri kuliko ya mvua matupu, mradi chumvi yake isizidi. Nilimwambia achanganye nusu kwa nusu kwenye pipa, abadilishe sehemu moja ya kumi kila wiki, apime pH ya tangi na ya pipa kabla ya kumimina, na zikipishana zaidi ya nusu ya kiwango amimine kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Mkewe alitaka kujua kama ile ndoo ya pili inafaa kwa asumini. Inafaa sana, amonia ni mbolea.