Propaganda ya kubana petroli wakati wa vita: maana yake

Propaganda ya kubana petroli ni ujumbe wa serikali iliyo vitani unaomtaka raia apunguze safari za gari, au apakie wenzake, ili mafuta na vifaa viende jeshini. Haiishii kumweleza mtu utaratibu kama tangazo la kawaida. Inamsuta: safari yake ya kwenda kazini inageuzwa kuwa suala la uzalendo au usaliti.

Mfano maarufu ni bango la Marekani la 1943, kazi ya mchoraji Weimer Pursell. Bwana aliyevaa suti na kofia anaendesha gari la wazi, yuko peke yake. Lakini kiti cha pembeni kimekaliwa na Hitler, aliyechorwa kwa mistari mitupu kama mzuka. Maneno ya bango kwa Kiswahili ni: "Ukiendesha peke yako, umempakia Hitler!" Chini, watu wanahimizwa wajiunge leo na klabu ya kuchangia gari. Bango halitaji hata lita moja ya mafuta. Linatia hatia, na hatia hiyo limeipa sura ambayo kila mtu aliijua.

Wengi hudhani shida ilikuwa petroli tu. Ni kweli kwamba mapema 1942 nyambizi za Ujerumani zilizamisha meli za mafuta karibu na pwani ya mashariki ya Marekani, na mgawo wa petroli ukaanzia huko Mei. Ila ulipoenezwa nchi nzima Desemba, hadi kwenye majimbo yenye visima vyake vya mafuta, shabaha hasa ilikuwa matairi. Japani ilikuwa imeteka nchi ya Malaya (sehemu ya Malesia ya leo) na visiwa vya Indonesia, kulikotoka karibu mpira wote asilia wa Marekani. Dereva akikosa petroli, tairi haliliki. Ndiyo maana hata mwendo ulishushwa hadi maili 35 kwa saa, na ndiyo maana mgawo wa petroli ulifutwa Agosti 1945 lakini wa matairi ukaendelea hadi Desemba.

Uhaba huohuo wa mpira uliwafikia watu wa Kongo. Utawala wa Kibelgiji uliwarudisha wanavijiji msituni kugema mpira, na siku za kazi ya lazima zikapandishwa hadi 120 kwa mwaka. Dereva wa Marekani alibembelezwa kwa bango. Mgema mpira wa Kongo aliamriwa.