Loki si urefu

Nimechoka kuletewa vijana kwa sababu ya urefu wao tu. Kila msimu wa raga, hapa Nairobi, mzazi au mwalimu ananivuta kando ya uwanja: "Kocha, huyu ana futi sita na nusu, mpe jezi namba 5." Kana kwamba loki, yule mvaa jezi namba 4 au 5, ni mlingoti wa kurushiwa mpira kwenye lainauti, pale mpira unaporudishwa kutoka nje ya uwanja. Wiki hii nimeambiwa tena, na safari hii nimeona niandike.

Mtazameni Alun Wyn Jones wa Wales. Urefu wake ni sentimita 198. Luke Charteris, aliyecheza naye timu ya taifa, ana 206. Charteris alikuwa loki mzuri sana na aliichezea Wales mechi 74. Jones aliichezea 158, akaongeza 12 za Lions, timu ya pamoja ya Uingereza na Ireland. Alipostaafu hakuna mwingine duniani aliyekuwa amefikisha 170. Mzaliwa wa Swansea, 1985. Klabu yake Ospreys. Grand Slam, yaani kushinda mechi zote za Mataifa Sita, 2008, 2012 na 2019. Na mechi yake ya kwanza ya taifa, Juni 2006 kule Puerto Madryn, Argentina, alicheza flanka, mchezaji wa pembeni mwa skramu, si loki.

Sasa skramu, pale wachezaji wanane wa kila timu wanaposhikana na kusukumana, maana hapa ndipo watu wanaponiudhi. Macho yote huwa kwa mapropu, wale wawili wa pembeni mwa safu ya mbele. Loki yuko nyuma yao: kichwa kimeingia kati ya hooka, yule wa katikati ya safu ya mbele, na propu, bega limekaa chini ya tako la propu, mkono mmoja umemkumbatia loki mwenzake, mwingine umepita katikati ya mapaja ya propu na kukamata jezi. Mgongo ukipinda kidogo tu, nguvu ya miguu inapotea njiani. Bega likipanda, propu anainuliwa na kukosa pa kusimamia, anarudishwa nyuma, na jukwaani wanasema propu ni dhaifu! Propu wa watu hana kosa. Aliyemwangusha yuko nyuma yake na hakuna aliyemwona. Skramu ikivunjika, loki huyo huyo anainuka, anakimbilia raki, pale wanapogombea mpira ulio chini, anamwondoa mtu juu ya mpira, anainuka tena. Jones aliifanya kazi hiyo dakika ya 78 kama dakika ya 3, na kijana hawezi kuzaliwa nayo.

Vitabu vya ukocha huchora mishale kuonyesha nguvu ya skramu inavyopita. Uwanjani mishale haipo. Tunarudia video mara kumi na bado makocha tunabishana nani alisukuma na nani aliegemea tu.

Labda umuhimu wa loki huonekana akikosekana. Februari 2010, Twickenham, Jones alimtega Dylan Hartley wa Uingereza mguu akapewa kadi ya njano. Katika zile dakika kumi Uingereza ilifunga pointi 17, ikashinda 30–17. Warren Gatland, kocha wake, alimlaumu hadharani. Sisemi pointi zote 17 zilipita kwenye pengo lake, kwani timu ya watu 14 huumia popote. Lakini skramu ya watu saba niliwahi kuisimamia, na najua inavyorudi nyuma. Miaka mitatu baadaye Sam Warburton, nahodha wa Lions, aliumia, na Gatland huyo huyo akamkabidhi Jones unahodha mjini Sydney. Wakaifunga Australia 41–16.

Jambo moja linanisumbua. Juni 2021, akiwa nahodha wa Lions, bega lake liliteguka dhidi ya Japani, Murrayfield. Wiki tatu baadaye alikuwa uwanjani Cape Town, kisha akacheza testi, yaani mechi za kimataifa, zote tatu dhidi ya Afrika Kusini. Vijana wangu wanaipenda sana habari hiyo. Wananiletea mabega yao yaliyofungwa bandeji na kunitajia jina lake ili niwapange Jumamosi. Yeye alikuwa na umri wa miaka 35, na madaktari wa timu walikuwa pembeni yake kila siku. Wao wana miaka 17 na mimi nina mkoba mmoja wa huduma ya kwanza. Nawaweka benchi, wananinunia.