Je, wajua kwa nini moyo wa tarishi huchoka kabla ya moyo wa bosi?

Uliza kijiwe chochote cha kahawa nani mwenye presha pale ofisini, utaelekezwa ghorofa ya juu. Bosi ndiye mwenye simu zisizokatika, vikao vya mpaka usiku na hundi za mamilioni zinazosubiri saini yake. Tarishi anayezungusha mafaili, tunasema, anakula raha zake: anaingia saa moja na nusu, anatoka saa tisa na nusu, akifika nyumbani kazi hata haikumbuki. Waingereza nao waliamini hivyo kwa miaka mingi, madaktari wao wakiwemo. Ugonjwa wa moyo ulihesabiwa kuwa ugonjwa wa wakubwa.

Halafu wakahesabu.

Mwaka 1967 watafiti wa London walianza kuwapima watumishi wa serikali wanaume, takriban 18,000, kisha wakawafuatilia miaka iliyofuata kuona nani anafariki na kwa nini. Utafiti ukaitwa Whitehall, kwa jina la mtaa zilipo wizara za Uingereza. Michael Marmot na wenzake walipotoa matokeo mwaka 1978, picha ilikuwa imepinduka. Watu wa ngazi ya chini kabisa, wale matarishi na mabawabu wa mlangoni, walikuwa wanakufa kwa ugonjwa wa moyo zaidi ya mara tatu kuliko maofisa wa ngazi ya juu kabisa. Tena haikuwa habari ya wa chini na wa juu tu. Ukipanda ngazi moja, hatari inapungua kidogo; ukipanda nyingine, inapungua tena. Hata ofisa mwenye mshahara mnono, chumba chake na katibu muhtasi wake, alikuwa nyuma ya yule aliyemzidi cheo kwa hatua moja.

Jibu la haraka ni sigara, na kweli wa ngazi za chini walivuta zaidi. Lakini watafiti walipoweka kando sigara, presha, mafuta kwenye damu na mengine waliyoyapima, walikuwa wameeleza chini ya nusu ya pengo lile. Njaa nayo haikuwamo. Hawa wote walikuwa na ajira ya serikali, mshahara wa uhakika, pensheni mbele yao na hospitali ya bure, ndani ya jiji moja. Wengine wangedhani ni mazoezi, maana mwaka 1953 Jeremy Morris alikuwa ameonyesha kwamba makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London, wanaopanda na kushuka ngazi kutwa, waliugua moyo kidogo kuliko madereva waliokaa kwenye usukani. Sasa kwa hesabu hiyo tarishi anayezunguka na mafaili alipaswa kumzidi afya bosi aliyekalia kiti. Haikuwa hivyo.

Ikabidi waulize swali ambalo daktari hana mazoea ya kuuliza: kazini kwenyewe kukoje?

Utafiti wa pili ulianza mwaka 1985, na safari hii wanawake waliingizwa. Watumishi 10,308 wenye umri wa miaka 35 hadi 55 walijaza madodoso marefu. Kati ya maswali hayo yalikuwamo yanayohusu nani anaamua. Je, una sauti juu ya namna unavyoifanya kazi yako? Kasi yake unaipanga wewe? Unaweza kuchagua saa ya kupumzika, au mpaka uambiwe? Matokeo ya mwaka 1997 yalionyesha kwamba walioona hawana sauti waliugua moyo zaidi miaka iliyofuata. Kati ya mambo yote yaliyopimwa, kukosa sauti ndiko kulikoeleza sehemu kubwa zaidi ya pengo kati ya ngazi na ngazi.

Kabla ya hapo, mwaka 1979, Robert Karasek alikuwa ameshachambua takwimu za wafanyakazi wa Sweden na Marekani akafika karibu na hapo hapo. Kazi nyingi peke yake haimmalizi mtu. Kinachommaliza ni kazi nyingi ambayo hana la kuamua ndani yake.

Ukitaka kuielewa hoja ya Karasek bila dodoso, panda daladala. Nauli ya dereva imepangwa na LATRA, mamlaka ya serikali inayodhibiti usafiri wa ardhini. Njia yake imeandikwa ubavuni mwa gari. Hesabu ya kupeleka jioni ameitaja tajiri, na tajiri hataki kusikia habari za foleni. Mwanafunzi akipanda analipa nauli yake ya mwanafunzi. Trafiki akisimamisha gari, limesimama. Kilichobaki mikononi mwa dereva ni mguu wake wa kulia, na hapo ndipo abiria wanaposhangaa kwa nini anaendesha vile. (Mimi pia huwa nashangaa, na huwa nashuka.)

Mtazame sasa fundi cherehani juma la mwisho kabla ya Idi. Analala saa nane usiku, macho mekundu, uzi umemganda kwenye nyusi. Kwa kazi tu, amemzidi dereva. Lakini kitambaa cha kumi na moja alikikubali mwenyewe, mteja msumbufu ni yeye aliyemwambia aende kwa fundi mwingine, na akichoka anazima taa. Ukimuuliza, atalalamika sana, kisha atakuonyesha gauni alilomaliza.

Wapo wanaowapinga Marmot na wenzake, na wana hoja. Mtu hafiki kazini akiwa karatasi tupu: aliyekulia kwenye dhiki ana uwezekano mkubwa wa kuishia ngazi ya chini, na mwili wake umekuja na madeni ya utotoni. Kwa hiyo si kila kilichoonekana kwa matarishi kilipikwa ofisini. Hata ukipunguza kiasi hicho, bado kinabaki kitu kizito, na kinatosha kueleza jambo ambalo mameneja wengi hawalielewi: kwa nini ofisi iliyonunuliwa kila kitu bado ina nyuso za msibani.

Nimewahi kufanya kazi mahali pa namna hiyo. Tuliletewa makochi ya rangi, friji ya maji baridi, na ukutani maneno makubwa kuhusu familia moja. Wiki ile ile ikafungwa mashine ya dole gumba mlangoni, na ukichelewa dakika tano mshahara unakatwa, hata kama jana yake ulitoka saa mbili usiku. Makochi yale hakuna aliyeyakalia. Ukikaa, unaonekana huna kazi.

Frederick Herzberg aliligusa jambo hili mwaka 1959 baada ya yeye na wenzake kuwahoji wahandisi na wahasibu 203 wa eneo la Pittsburgh, Marekani. Waliwaomba wasimulie siku walizoipenda kazi na siku walizoichukia. Siku za kuchukia zilijaa habari za usimamizi mbovu, kanuni za ofisi, mazingira na mshahara. Siku za kupenda zilikuwa na mambo mengine kabisa: kukamilisha jambo gumu, kutambuliwa, kuaminiwa na jukumu. Herzberg akasema ukiondoa karaha unapata mtu asiye na karaha, hujapata bado mtu mwenye furaha. Wakosoaji wake walimrudi kwamba binadamu ndivyo alivyo, likienda vizuri anasema ni juhudi zangu, likiharibika ni ofisi. Ni kweli. Hata hivyo kochi halikutajwa popote kwenye siku za kupenda.

Mtu asije akaisoma makala hii akaipeleka kwa wafanyakazi wake kama sababu ya kutoongeza mshahara. Mshahara mdogo unatesa, na mshahara usio wa haki unatesa zaidi. Mwaka 2003 Sarah Brosnan na Frans de Waal waliripoti habari za kima wa Amerika waitwao kapuchini, waliofundishwa kumrudishia mtafiti kijiwe ili wapewe kipande cha tango. Walilipokea bila shida. Kima alipomwona mwenzake analipwa zabibu kwa kijiwe kile kile, mara nyingi aligoma, akalikataa tango au kulitupa. Tango halikuwa limebadilika ladha. Kwenye ofisi zetu tango hilo huonekana siku karatasi ya mishahara inaposahaulika kwenye mashine ya kuprinti.

Kuwa na sauti kuna upande wa pili pia, kuitumia sauti hiyo pale mambo yanapoharibika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Amy Edmondson alichunguza makosa ya kutoa dawa kwenye wodi za hospitali mbili za Marekani. Alitarajia kwamba wodi zenye ushirikiano mzuri na inchaji mzuri zingekuwa na makosa machache. Takwimu zikaja kinyume: wodi nzuri ndizo zilizokuwa na makosa mengi kwenye kumbukumbu. Badala ya kuzitupa takwimu zake, alijiuliza kama wodi hizo zinakosea zaidi, au zinasema zaidi. Mtafiti mwingine ambaye hakuambiwa chochote akatumwa kwenda kukaa kwenye wodi na kutazama. Alikuta tofauti kubwa. Kuna wodi ambako kosa lilizungumzwa siku hiyo hiyo, na kuna nyingine ambako muuguzi aliyekosea alijiona kama yuko kizimbani, hivyo kosa likafunikwa. Daftari safi lilikuwa la waliokuwa wakiogopa.

Tangu niliposoma habari hiyo, ofisi isiyo na malalamiko hata moja hunitia wasiwasi. Tumelelewa kumheshimu mkubwa, na heshima ni kitu kizuri, ila iko heshima ambayo kwa kweli ni hofu iliyovaa shati la kuchomekea. Bosi akisema “mlango wangu uko wazi” halafu wa kwanza kuingia akahamishwa kituo, walioko korido wameshaelewa. Hakuna waraka utakaolifuta hilo.

Kitu kimoja ambacho madodoso ya London hayakukiuliza, na sisi tunakijua, ni msiba. Mfanyakazi wa hapa akifiwa, atakumbuka miaka kumi baadaye nani alikuja, nani alituma rambirambi kwa simu, na kama meneja alikaa kwenye jamvi na wengine au alisimama getini dakika mbili akaondoka. Daftari la michango, hata likiwachosha watu mwisho wa mwezi, limewahi kuzishikilia timu ambazo mshahara ulikuwa umezishindwa. Ila nalo linageuka karaha siku mchango unapokatwa kwenye mshahara bila kuulizwa. Tumerudi pale pale kwa nani anaamua.

Na hiyo ndiyo sehemu ambayo sheria haiwezi kuimaliza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na mapumziko ya angalau dakika 60 kwa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo. Dakika hizo ni haki yako. Kama utazichukua saa sita njaa ilipouma, au saa nane msimamizi alipokumbuka, hapo sheria imewaachia ninyi wawili mkubaliane. Kesho saa nne chai ikija, jaribu lile swali la London kwa jirani yako wa meza: saa ya kupumzika unaipanga wewe? Kabla hajajibu, tazama kwanza kama atageuka kuangalia nani yuko nyuma yake.